Hotuba juu ya Sukari na Presha katika Nyumba za Waislamu

 



Mara nyingi khabari ya msiba ifikapo msikitini huja na maneno haya: "Jana alikuwa mzima kabisa. Ameswali Isha na jamaa, akarudi nyumbani, akala, akalala. Alfajiri akakutwa mdomo umepinda na mkono haunyanyuki." Watu husikitika, hubeba jeneza, na baada ya matanga huanza kuulizana. Mmoja husema ni husuda ya majirani kwa ajili ya duka lake. Mwingine husema ni jini. Wa tatu husema ajali imefika, na kwamba ajali haina budi hilo kila Muislamu analiamini. Lakini hapana hata mmoja katika hao watatu aulizaye: Je, marehemu aliwahi kupimwa presha yake? Alipimwa lini mara ya mwisho? Aliambiwa nini, na dawa aliyopewa aliiweka wapi?

Maneno yale "alikuwa mzima kabisa" ndiyo yatakayochunguzwa hapa, kwa sababu mara nyingi si ya kweli. Katika maradhi ya sukari na ya shindikizo la damu, mtu aweza kuwa mgonjwa miaka kumi naye hajijui. Hana homa, hana kikohozi, wala hana kidonda. Anauza, ananunua, anaoza binti zake, na ndani ya mishipa yake kazi ya uharibifu inaendelea usiku na mchana.

Matabibu huyahesabu maradhi haya mawili katika jamii ya maradhi yasiyoambukiza, pamoja na ya moyo, kiharusi, saratani, na maradhi ya mapafu ya muda mrefu. Shirika la Afya la Dunia limehesabu kuwa jamii hiyo huua watu zaidi ya milioni 40 kila mwaka, na sehemu kubwa yao ni watu wa nchi zisizo na mali nyingi. Yote hayawezi kuelezwa katika hotuba moja. Yamechaguliwa haya mawili kwa kuwa hapana mtaa usiokuwa nayo, na kwa kuwa kwa sehemu kubwa huingia kwa mlango wa jikoni.

Wapo wadhanio kuwa maradhi haya yalikuwako siku zote na kwamba wazee wa kale waliyaita kwa majina mengine. Hapa Uganda yako maandishi yanayosaidia kulijua jambo hilo. Alikuwako Kampala daktari Mwingereza, jina lake Hugh Trowell, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1929, kwanza Kenya, kisha Uganda, akakaa mpaka 1958. Kazi yake iliyomtangaza ilikuwa juu ya kwashiakoo, maradhi ya watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili. Lakini katika miaka yote hiyo ya kupita vitanda vya hospitali ya Mulago aliandika pia yale asiyoyaona. Hakuona Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, ambayo kwao Uingereza yalikuwa yakiua watu kila siku. Ilipofika 1956, yeye na mwenzake mmoja walichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki khabari za mgonjwa mmoja tu, Mwafrika, mwenye maradhi hayo, na mgonjwa huyo mmoja alistahili kuandikiwa makala peke yake! Mwaka 1960 akatoa kitabu kizima juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, na ndani yake kisukari na shindikizo la damu yameelezwa kuwa ni machache kwa watu wa mashamba.

Ni haki kusema kuwa hesabu za zamani hizo zilikuwa na upungufu. Wagonjwa wengi hawakufika hospitali, wazee walikuwa wachache, na kipimo cha presha hakikuwa kikibebwa vijijini. Hata hivyo tofauti ile haiwezi kufutwa kwa udhuru huo peke yake. Mwenzake Trowell pale Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu mwenye jicho moja ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto aliyoieleza, alifikia rai iyo hiyo kwa njia yake. Wote wawili waliporudi Uingereza walishikilia kwamba chakula cha watu wa Uganda wa siku zile, yaani ndizi, viazi, mtama, wimbi, maharage na mboga za majani, vyote na makapi yake, kilikuwa ni kinga ambayo watu wa Ulaya walikwisha kuitupa pamoja na pumba za ngano.

Basi nini kimegeuka? Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 hapa Uganda, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikutwa na shindikizo la damu, na walio wengi katika hao walikuwa hawana khabari. Watu ni wale wale, damu na nasaba ni ile ile. Kilichogeuka ni maisha.

Upo ushahidi wa jirani ulio wazi kuliko huu. Madaktari waliwafuata Waluo wa Kenya waliotoka vijijini kwao kandokando ya Ziwa, wakaenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Hawakungoja uzee kuona tofauti. Ndani ya miezi michache tangu kuingia mjini, presha za wahamiaji zilikuwa zimepanda juu ya za wenzao wa kijijini. Mkojo wao ulipopimwa ulionekana kuwa na chumvi nyingi zaidi, na upungufu wa madini yale yapatikanayo katika ndizi, viazi na mboga. Miezi michache tu! Kijana aliyepanda basi na mzigo wake wa nguo alianza kubadilika mishipa kabla hajamaliza deni la nauli.

Yafaa sasa kueleza maradhi yenyewe, maana mtu hawezi kujilinda na asichokijua.

Moyo ni bomba linalosukuma damu, na mishipa ni mifereji. Damu haina budi kwenda kwa nguvu fulani ili ifike kichwani na vidoleni. Nguvu hiyo ikizidi kiasi kwa muda mrefu, mifereji huumia. Ile myembamba iliyo katika ubongo hupasuka au kuziba, na hicho ndicho kiharusi. Ile ya figo huharibika, figo zikashindwa kuchuja. Ile ya macho huvuja. Na moyo wenyewe, kwa kusukuma juu ya uzito, hutanuka na kuchoka. Kipimo chake hutoa namba mbili, na zikifika 140 juu ya 90, tena zikafika hivyo kwa kupimwa zaidi ya siku moja, huyo ni mgonjwa wa presha ingawa anaruka na kucheka.

Ama sukari, maelezo yake ni haya. Chakula cha wanga, kiwe ni wali, posho, mkate au soda, hugeuka kuwa sukari katika damu, nayo ndiyo kuni ya mwili. Lakini sukari haiwezi kuingia mahali pa kutumika mpaka ifunguliwe mlango, na ufunguo ni maji yatokayo katika kongosho, yaitwayo insulini. Wako watu, aghalabu watoto na vijana, ambao kongosho lao limeacha kabisa kutoa ufunguo huo. Hao bila ya sindano hawaishi, na kabla ya mwaka 1922, ilipotumiwa insulini kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 katika mji wa Toronto, hawakuwa na tamaa. Lakini wengi zaidi ni wale wa namna ya pili, watu wazima, ambao ufunguo upo ila kufuli zimeingia kutu. Mafuta yaliyojaa tumboni na kukaa bila ya kutumia viungo ndivyo vinavyotia kutu hiyo.

Sukari iliyokosa pa kwenda hubaki katika damu na nyingine hutoka kwa mkojo. Matabibu wa Bara Hindi zama za kale walikwisha kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa, na tabibu mkubwa wa Kiislamu, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika maradhi haya katika kitabu chake cha Qanun, pamoja na kuoza kwa viungo kunakoyafuata. Kwa hivyo si jambo la kuonea haya wala si ugunduzi wa Wazungu. Dalili zake zikitokea ni kiu kisichokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kukonda pamoja na kula sana, na kidonda cha mguu kisichopona. Lakini mwenye kungoja dalili hizo amekwisha kuchelewa, kwa kuwa aghalabu macho, figo na hisia za nyayo vimeanza kuliwa kabla yake.

Haya, na tuingie jikoni.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa mijini, chai ndiyo mwanzo wa siku na ndiyo mwisho wake. Kikombe kimoja hutiwa vijiko vitatu vya sukari, na aliyetiwa viwili huuliza kama sukari imekwisha dukani. Kijiko kimoja cha chai ni karibu gramu 4. Vikombe vinne kwa siku, hiyo ni gramu 48. Shirika la Afya la Dunia limesema sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na afadhali iwe nusu ya hizo. Basi aliyekunywa chai yake minne amekwisha kulimaliza fungu lake lote kabla hajanywa soda ya mgeni, wala hajala maandazi, wala hajaonja halua. Na chupa ya soda ya nusu lita peke yake ina gramu 50 na kitu.

Kisha iko chumvi. Kipimo chake ni gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyotiwa jikoni, iliyo katika mkate, na iliyo katika ule unga wa kuungia mchuzi uuzwao kwa vipakiti. Mpishi hutia chumvi, akatia na unga wa pakiti ambao nusu yake ni chumvi, na chakula kifikapo mezani mwenye nyumba huomba kichupa cha chumvi kabla hajaonja! Ada hii ya kunyunyiza chumvi juu ya chakula kisichoonjwa ndiyo ya kuachwa mwanzo, kwa kuwa kuiacha hakugharimu hata senti moja.

Mafuta nayo yana khabari yake. Chapati ya zamani ilikuwa ni ya Idi na ya wageni. Leo katika mitaa ya Kampala hukaangwa tangu alfajiri mpaka usiku, hukunjwa na mayai ikaitwa rolex, na kijana huila asubuhi na jioni kwa kuwa ni rahisi na inashibisha. Kuila si haramu, lakini isiwe ndiyo chakula cha kila siku cha mtu aliyekaa kitako. Katika kisiwa cha Mauritius serikali iliona mambo haya mapema. Mwaka 1987 ilibadilisha mafuta ya kupikia yauzwayo kwa watu wote, ikapunguza ya mawese na kuzidisha ya soya, na ilipofika 1992 mafuta mabaya katika damu za watu wa kisiwa yalikuwa yamepungua sana. Watu hawakuhubiriwa mmoja mmoja. Lilibadilishwa debe.

Na baada ya kula, mtu hufanya nini? Mwenye duka hukaa juu ya kiti tangu kufungua mpaka kufunga. Adhana ikiadhiniwa, huita bodaboda impeleke msikiti ulio hatua mia tatu. Mabibi wa nyumba zenye nafasi wamepata watumishi wa kuchota, kutwanga na kufua, jambo la kushukuriwa, lakini viungo vilivyokuwa vikitumika havikupewa kazi nyingine. Mwili hautaki mengi: dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka, mwendo wa kutoa jasho kidogo. Anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi kwa sala tano, tena kwa hatua za mtu mwenye haja, huenda akayapata hayo bila ya kununua viatu vya michezo.

Juu ya tumbaku hapana haja ya maneno mengi. Inaziharibu mishipa ile ile ambayo presha na sukari zinaiharibu, na mwenye maradhi haya akivuta huwa ameita adui wa tatu. Vijana husema shisha si sigara kwa kuwa moshi wake hupita majini. Moshi ni moshi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imeipiga marufuku shisha, na wanaoendelea nayo vichochoroni wanajua wanachokifanya.

Lakini lazima liongezwe neno moja hapa, kwa sababu wako watu wepesi wa kuhukumu. Si kila mgonjwa wa sukari ni mlafi. Nasaba ina fungu lake kubwa, na mtoto wa mgonjwa huwa karibu zaidi na maradhi kuliko mwingine. Mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mamaye huweza kuchukua udhaifu huo mpaka utu uzima. Wako wagonjwa wembamba kama unyasi, na wako maskini ambao posho na chai ndivyo wavipatavyo. Kumwambia mgonjwa mbele za watu kuwa amejiletea mwenyewe ni dhulma, na tena humfanya afiche maradhi yake. Wengi huficha. Mke huficha kwa kuogopa kuolewa mwenzake, na baba huficha kwa kuogopa wadeni.

Liko kosa jingine, na hili linaua watu wengi zaidi kuliko vijiko vya sukari. Ni kuacha dawa. Mtu hupimwa, akapewa vidonge vya presha, akavimeza miezi miwili. Akirudi kupimwa huambiwa namba zimeshuka. Hufurahi, akamshukuru Mola wake, akaviacha, akisema amepona. Huyo amefanana na mwenye nyumba aliyeona haanyeshewi tena akapanda kuliondoa paa. Namba zimeshuka kwa sababu ya kidonge, na kidonge kikiondoka zitapanda. Maradhi haya, kwa walio wengi, hayaponi. Hushikwa mkono yasifanye madhara, na kushikwa huko ni kwa kila siku.

Wengine huacha kwa sababu ya maneno ya watu. Huambiwa dawa za hospitali huvunja nguvu za mume, au kwamba akianza sindano ya insulini amekwisha kufa. Iwapo dawa inamletea mtu taabu, zipo nyingine, na daktari aweza kubadilisha. Haki ya mgonjwa ni kusema. Wengine huacha kwa ufukara. Zahanati za serikali hutoa dawa hizi bila ya malipo zinapokuwapo, na si kila siku zipo. Jambo hili ni la jumuiya kuliangalia, kama inavyoangalia sanda za wasiojiweza.

Na wengine, hawa ndio wa kuhurumiwa zaidi, huacha kwa jina la dini. Huambiwa asomewe, atumie habbat sauda na asali, na aache vidonge, kwa kuwa kushika vyote viwili ni upungufu wa imani. Kusomewa ni jambo jema wala hapana anayelipinga. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha watu watafute dawa, naye mwenyewe akatumia dawa. Dua na kidonge havikugombana. Ama asali, Qurani imeitaja kuwa ina ponyo kwa watu, na Muislamu haitilii shaka khabari hiyo. Lakini kuwamo ponyo katika kitu si kusema kwamba kitu hicho ni dawa ya kila maradhi kwa kila kiasi. Asali ni tamu kwa sababu ya sukari iliyomo. Mgonjwa wa sukari anywaye kikombe cha asali kwa kutafuta shifaa huzipandisha namba zake kama aliyekunywa sharubati. Mwenye kumwagiza afanye hivyo na aache insulini yake amebeba dhamana ya damu ya mtu, na hilo yafaa liambiwe kila msomaji aketiye mkekani.

Limebaki jambo la Ramadhani, nalo ndilo linaloulizwa kuliko yote.

Sheria imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Asiyetarajia kupona, ambaye kufunga kunamdhuru, hana kulipa. Hutoa fidia, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Haya kila aliyesoma chuoni anayajua. Lakini mgonjwa wa sukari husikia haya nafsini mwake. Jirani watamwonaje? Wajukuu wamefunga, yeye mzee mwenye ndevu nyeupe anakula mchana! Basi hufunga, na huacha dawa zake za mchana, au huzimeza zote pamoja magharibi.

Khatari yake si ya kudhania. Mwaka 2001 wachunguzi waliwauliza wagonjwa wa sukari zaidi ya 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu. Katika wale wa namna ya pili, karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamefunga nusu ya mwezi au zaidi. Na kushuka kwa sukari kwa ghafla, kule kunakompeleka mtu hospitali, kulizidi katika mwezi wa Ramadhani kiasi cha mara saba na nusu kwa wagonjwa wa namna hiyo ya pili, na karibu mara tano kwa wale wa sindano tangu utotoni. Sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, husema maneno yasiyoeleweka, kisha huzimia, na asipohimiwa hufa. Waliomzunguka huweza kudhani amepandwa na shetani, naye anahitaji maji ya sukari tu.

Maana yake si kwamba kila mgonjwa wa sukari asifunge. Hapa karibu na mstari wa ikweta siku za kufunga hazirefuki wala hazifupiki: ni saa kumi na tatu na kitu kila mwaka, na mgonjwa ambaye namba zake zimetulia, anayetumia vidonge visivyoshusha sukari kwa ghafla, huenda akaruhusiwa na daktari wake akafunga kwa salama. Lakini yule wa namna ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia, mwenye figo zilizoharibika, mjamzito anayechoma insulini, na aliyezimia kwa kushuka sukari katika miezi ya karibuni, hao madaktari na wanazuoni waliokaa pamoja wamewahesabu katika wenye khatari kubwa, wasifunge.

Anayefunga na ajipime mchana. Wengi hukataa kutoboa kidole kwa kuogopa kwamba tone la damu litafunguza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kwamba damu itolewayo kwa kupimwa haifunguzi, na kwamba sindano ya dawa ya ngozi au ya nyama, isiyokuwa ya kulisha, haifunguzi. Basi udhuru huo umeondoka. Na kipimo kikionyesha sukari iko chini ya 3.9, au imepita 16.7, afungue pale pale, hata kama imebaki nusu saa kwa magharibi. Mwenye kungoja adhana katika hali hiyo hakuzidisha thawabu. Ameihatarisha nafsi aliyopewa kuitunza.

Magharibi nayo ina fitina yake. Tende moja au mbili na maji, hiyo ni suna na inatosha kufungulia. Lakini huja uji wa sukari, kalimati, sambusa, viazi vya nazi, sharubati, kisha baada ya Tarawehe pilau, na mtu aliyekuwa na njaa mchana huamka daku akiwa bado ameshiba. Mgonjwa apunguze vitamu na vya kukaanga, na daku aicheleweshe kama ilivyo suna, ale chakula kinachokaa tumboni: maharage, wimbi, ndizi za kupikwa, mboga.

Dawa haziwezi kupangwa usiku wa mwandamo wa mwezi. Mgonjwa amwone daktari wake mwezi mmoja au miwili kabla, mathalan katika Rajabu au mwanzo wa Shaabani, ili saa za vidonge na kiasi cha insulini vibadilishwe taratibu.

Na jumuiya yaweza kumsaidia. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi huuzwa katika maduka ya dawa, na kutumia kwake hujifunzwa kwa asubuhi moja. Baada ya sala ya Ijumaa huwapo watu mia kadha mahali pamoja, waume uani na wanawake upande wao. Akae mtu mmoja aliyefundishwa kila upande, apime waliopita miaka arobaini na walio na mgonjwa katika ukoo wao, aandike namba katika daftari, na atakayekutwa amepita kiasi apewe cheti cha kwenda nacho zahanati. Siku za maulidi birika moja ya chai itiwe sukari na nyingine isitiwe, anayetaka atie mwenyewe. Maji safi yawekwe mbele na soda nyuma. Fungu moja la sanduku la msikiti liandikwe kwa ajili ya vidonge vya wasiojiweza katika miezi ambayo zahanati imekaukiwa. Na daftari lile la Ijumaa litolewe kila mwanzo wa Rajabu, waitwe mmoja mmoja, kwa siri, wale wote ambao majina yao yana alama, waulizwe kama wamekwisha kumwona daktari.